Kaburi la Bwana Radikini

Kibokoni, Mombasa
12 Januari 1994

Kadzo, mke mwenzangu,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungeniamkia, basi naitikia kabisa tusipoteze wakati. Sisi wazima. Babu yako mzima. Paka amezaa ndani ya kapu la nguo za kupiga pasi, watoto watatu, na mmoja nimempa Amtulla kwa lazima. Maji ya mfereji hayatoki tangu Jumatatu, twanunua ya mkokoteni. Mamako alipiga simu kutoka Malindi hapo chini dukani kwa akina Kutbuddin, yuasema hajaona barua yako tangu mwezi wa kumi na moja. Mwandikie. Hata mistari miwili. Kama huna la kusema, mwambie umekula nini.

Barua hii yaandikwa na Amtulla wa Kutbuddin kama zote, nami nasema. Nimemwambia aandike vile vile nisemavyo, asinitengenezee. Ukikuta maneno mazuri mazuri, ujue hayo ni yake.

Sasa sikiliza. Babu yako ameanza kumuulizia babake. Hadithi waijua, lakini ulikuwa ukiisikia huku wacheza, naisema tena. Kabla ya vita vya Mjarumani vya kwanza, alikuja hapa Mzungu na cherehani za Radikini. Alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwafundisha wanawake kuzitumia, maana mtu hanunui chombo asichokijua. Nyumba mojawapo ni ya Mwana Esha, mamake babu yako. Babu akazaliwa mwaka wa kumi na nne, mwishoni. Vita vilikuwa vimeshaanza, na Bwana Radikini akarudi kwao. Hakuandika, hakutuma mtu, hakuonekana tena. Babu yako amekua akiitwa Athumani Radikini, ameshona nguo za mji mzima kwa cherehani ya jina hilo, na watu wakimtania husema hiki chombo ni cha ukoo.

Miaka yote hiyo hakuuliza. Ukimtajia, hubadilisha maneno. Sasa yuauliza. Ataka mtu wa damu yake aende akasimame kwenye kaburi la yule bwana. Basi. Na mimi nina maswali matatu ya kwangu, babu yako hayajui. Aliporudi kwao alioa? Alizaa? Aliwahi kututaja?

Wewe uko huko huko Uingereza. Amtulla amenakili maandishi ya kibao cha shaba kilicho kwenye cherehani: Rudkin & Sons, Marlcote. Yuasema Marlcote ni mahali. Patafute.

Kwa nini leo, usiniulize. Mtu mzee hutaka mambo.

Nyanyako,
Mbodze


Leicester
6 Februari 1994

Nyanya yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo babu. Shikamoo na wewe Bi Amtulla, kwa kuwa ndiwe usomaye kwa sauti na najua huachi kikohozi chako katikati. Nawatakia nyote Ramadhani njema, imebaki juma moja.

Mimi sijambo. Nimehamishiwa wodi ya wazee, na wazee wa huku ni kama wa huko, kila mmoja ataka dirisha lifungwe na mwenzake ataka lifunguliwe. Naishi chumba kimoja na Auma, msichana wa Kisumu tunayesoma naye uuguzi. Anatengeneza samaki wadogo wa kukausha, jengo zima linajua. Theluji imeanguka mara mbili. Mama nimemwandikia, nimemwambia nimekula samaki.

Nimewauliza wagonjwa wangu kuhusu Radikini. Nyanya, hutaamini. Kila bibi wa huku alikuwa nayo, au mamake alikuwa nayo. Mmoja aliinua mikono kitandani akanionyesha jinsi ya kuzungusha gurudumu. Kiwanda kilifungwa miaka ya sitini, lakini jina halijafa. Marlcote ni kijiji, na ndiko ukoo wao ulikotoka. Ni mwendo wa mabasi mawili kutoka hapa. Nitakwenda nikipata siku mbili za mapumziko.

Mnipe mnachokijua zaidi. Jina lake la kwanza? Alikuwa na umri gani? Aliacha picha, karatasi, chochote? Na Mwana Esha aliolewa naye kwa ndoa, au ilikuwaje?

Halafu nina swali. Kila barua babu huweka maneno yake mwishoni, hata kama ni kunitukana tu. Mara hii hayamo. Na kila mwaka kabla ya Ramadhani hunitumia gauni la Idd. Sijaona kifurushi. Siyo kwamba nadai, nauliza tu.

Mjukuu wako,
Kadzo


Kibokoni, Mombasa
1 Machi 1994

Kadzo,

Salamu zako zimefika, na Amtulla amekohoa pale pale uliposema atakohoa, akakasirika. Saumu yaenda vizuri. Mwaka huu jua ni kali lakini futari ipo, mbaazi zipo, tende Kutbuddin ametupa. Watoto wa paka wamefumbua macho.

Nguo haiko mwaka huu. Cherehani ina kasoro. Utavaa ya mwaka jana, huko hakuna anayeijua.

Maneno ya babu yako haya hapa, nimepanda ngazi hadi juu kumuuliza nikarudi: yuasema usiolewe na mtu asiyejua kukunja shuka. Umeridhika?

Ulivyouliza. Jina la kwanza hatulijui. Mwana Esha alikuwa akisema Bwana Radikini, na mji mzima ulisema Bwana Radikini. Alikuwa kijana, mwenye ndevu nyekundu, mcheshi. Alijifunza Kiswahili cha kuulizia bei na cha kusifu chakula, basi. Picha hakuna. Karatasi hakuna. Aliacha cherehani moja, na babu yako.

Hapo penye ndoa, mke mwenzangu, mimi niliingia nyumba hii nikiwa mwari kutoka Rabai, sijui hata kufunga leso kwa namna ya mji. Mwana Esha alinifundisha kila kitu na hakunisimanga hata siku moja kwamba mimi ni Mgiriama. Nami sikumuuliza alilala na nani na mbele ya mashahidi gani. Wewe pia usiulize.

Lakini hili nitakwambia, maana lakuhusu. Alimngoja. Kila meli ya barua ikiingia alikuwa akienda posta na mtoto mgongoni, miaka kumi mizima, baadaye na mtoto mkononi. Babu yako yuaikumbuka njia ya posta kuliko njia ya chuoni. Ndiyo sababu hapendi kutajiwa. Si kwamba hamjui babake. Yuamjua, ni mtu aliyekwenda zake akawasahau. Hivyo ndivyo anavyomjua.

Nenda basi. Ukifika simama wima, uvae vizuri, wasije wakasema ametuma mtu hivi hivi.

Nyanyako


Leicester
17 Aprili 1994

Nyanya yangu,

Shikamoo, na Idd Mubarak ya kuchelewa. Nilivaa gauni la mwaka jana kama ulivyoamuru na Auma akanisifia. Mtihani wa mwezi wa tatu nimepita. Mvua hainyeshi kwa hasira huku, inanyesha tu, siku nzima, kama mtu anayenung'unika.

Nimefika Marlcote. Ni njia moja, kanisa moja la mawe, nyumba kama arobaini, kondoo wengi kuliko watu. Nilipouliza habari za akina Rudkin wakanipeleka kwa Bi Beryl, mama mmoja wa miaka sabini na tano anayetunza vitabu vya kanisa. Marehemu babake alikuwa karani katika kiwanda chao. Alinitazama, akatazama viatu vyangu vyenye tope, akaweka birika motoni kabla hajaniuliza nataka nini. Nilipomweleza akasema, "Basi umetoka mbali, binti," akanikatia keki.

Nyanya, ukoo wao ameuchora wote, kwa mkono wake, nyuma ya karatasi ya kubandika ukutani. Aliikunjua kuanzia mezani hadi mlangoni. Wa kwanza kabisa aliandikwa kanisani miaka mia tatu iliyopita, alikuwa mhunzi. Mwanawe mhunzi, mjukuu mhunzi, wanapiga majembe na viatu vya farasi pale pale. Halafu akatokea mmoja ambaye mkewe alivunjika mkono, ukapona vibaya, akawa hawezi kushona. Mumewe akamtengenezea mashine ya kugeuza kwa mkono mmoja. Jirani akataka yake, na wa kijiji cha pili akataka yake. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Karakana bado ipo, sasa wanaweka humo baiskeli na majani ya ng'ombe. Niliingia. Panya wawili, na nundu ya chuma pale ilipokuwa fuawe, chuma cha kugongea. Chai ya Bi Beryl ni nzito kama yako, ila haina tangawizi, na maziwa anatia mwisho, na birika analifunika na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, ya kijani.

Makaburi ya akina Rudkin yako upande wa kaskazini wa kanisa. Nilisimama kama mlivyoniagiza. Nilivaa koti zuri la Auma. Picha ya jiwe naweka ndani ya barua hii.

Msalimie babu sana. Cherehani ilikuwa na kasoro gani? Kutbuddin fundi si yupo?

Kadzo


Kibokoni, Mombasa
20 Mei 1994

Kadzo,

Sisi wazima. Babu yako mzima. Mvua za mwaka zimeanza, ukuta wa ngazi umemwaga chokaa, twapita huku tumejifunika vichwa. Paka wote wameshapata wenyewe. Kutbuddin alikuwa na homa, amepona, yuadai ni kwa dawa ya daktari, mimi najua ni kwa supu yangu.

Picha imefika. Babu yako aliitazama tangu adhuhuri hadi alasiri. Kisha akataka itiwe kwenye fremu, na fremu ikatundikwa juu ya kitanda, na kila anayepanda kumwona aonyeshwa. Mwalimu wa madrasa ameonyeshwa. Mwuza maji ameonyeshwa. Yuasema, "Yule pale. Mjukuu wangu amekwenda hadi miguuni pake." Mtu ambaye miaka sitini ukimtajia babake huomba chumvi! Sasa yuajua mpaka habari za mhunzi na mke wa mkono mbovu, yuazisimulia kama alikuwepo.

Amefurahi. Hilo nimesema, lisikupite.

Sasa twende kwangu. Kurasa nne umeandika. Kondoo nimewapata, panya nimewapata, kofia ya birika rangi yake nimeipata. Maswali yangu matatu hujajibu hata moja. Na penye kaburi umeandika mistari minne, ukasema makaburi ya akina Rudkin. Ukoo mzima? Mimi sikukutuma kwa ukoo mzima. Nilikutuma kwa mtu mmoja. Wewe tangu mdogo ukivunja kikombe waja kunipa habari za jirani. Nimekulea, nakujua. Umekuta nini huko?

Kama ni jambo baya, liandike kwa anwani ya duka la Kutbuddin, jina la Amtulla. Mimi hushuka kila siku. Babu yako hashuki.

Nyanyako

Kadzo, mimi Amtulla. Nyanyako amekwenda kuzima jiko, naandika bila kuambiwa, na hili sitamsomea. Babu yako hana mguu wa kushoto. Ni sukari. Kidonda kilianza mwezi wa kumi na mbili, wakakata chini ya goti juma moja baada ya Idd. Hakuna kasoro ya cherehani, ni mguu wa kukanyagia uliokuwa na kidonda. Nyanyako alisema usiambiwe mpaka umalize mtihani, kisha akasema mpaka umalize masomo. Mwaka na nusu huo. Mimi nina mjukuu pia, nimeona si haki. Ukinitaja nitakana.


Leicester
9 Juni 1994

Nyanya,

Shikamoo. Naandika kwa Bi Amtulla kama ulivyosema. Salamu nyingine zote nitazileta barua ijayo.

Najua habari za mguu. Usiulize nimejuaje. Mimi nafunga vidonda vya watu wa sukari kila siku ya Mungu. Nawafundisha watu nisiowajua jinsi ya kuangalia nyayo zao jioni. Na babu yangu mwenyewe ana kidonda miezi mitatu na mimi naambiwa habari za gauni. Nililia kazini, nikatumwa nyumbani. Nimemaliza kusema hilo.

Nami nilikuficha, kwa hiyo sina haki ya kukasirika sana. Bi Amtulla asome polepole.

Yule si Rudkin, nyanya. Bi Beryl anao wote katika ile karatasi, wanaume, wanawake, waliokufa wachanga. Hakuna Rudkin aliyewahi kukanyaga Afrika. Hata mmoja. Wao walikaa Marlcote na baadaye mjini kiwandani, wakatengeneza. Waliozunguka dunia kuuza walikuwa mawakala walioajiriwa. Babake Bi Beryl alihifadhi orodha za mawakala, mwaka kwa mwaka, kwenye kasha la biskuti. Tukatafuta Mombasa. Kuanzia mwaka wa kumi na moja jina ni hilo hilo kila mwaka: N. Pratt. Mwaka wa kumi na tano limepigwa mstari, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: amefariki kwa homa, Februari, Mombasa.

Mombasa, nyanya. Hakurudi kwao. Babu alikuwa na miezi mitatu au minne.

Maswali yako siwezi kuyajibu zaidi ya hapo. Bi Beryl aliniuliza kama bado nataka kusimama kwenye makaburi ya akina Rudkin, nikasema ndiyo, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kusimama mahali. Nikapiga picha. Nilifikiri babu akitazama jiwe lolote atatulia. Sikujua ataweka kwenye fremu.

Sijui aambiwe au asiambiwe. Amefurahi, umeandika mwenyewe. Amua wewe. Nitakaloamriwa nitalishika.

Kadzo


Kibokoni, Mombasa
30 Julai 1994

Kadzo, mke mwenzangu,

Nimekawia kukujibu kwa kuwa nilikuwa na kazi. Sisi wazima, na safari hii ni kweli, nitakwambia hadi kidonda: kimefunga, kikavu, muuguzi amekisifu. Magongo anayo, hayapendi. Sukari hapati hata kwenye chai, ameniita mchawi. Amtulla amekiri mwenyewe kabla sijamuuliza. Siku mbili sikusema naye, siku ya tatu nilitaka kuandika barua nikasema naye.

Nilikuficha kwa sababu ungeacha masomo ukaja. Ungekuja, usiniambie hungekuja. Halafu mguu ungerudi?

Sasa nakueleza mambo yalivyokwenda.

Barua yako iliposomwa nilicheka kwanza. Amtulla akafikiri nimerukwa na akili. Lakini hebu fikiria mji huu ulivyo. Mumewe Amtulla, Kutbuddin, anatengeneza cherehani, na tangu Kibokoni hadi Mlango wa Papa waulize watu, watakwambia ni Bwana Bobini, kwa vile vibobini vya uzi anavyouza. Wanawe wakienda chuoni walikuwa watoto wa Bobini. Yule wa taa aliitwa Karabai, amekufa, amezikwa, na mpaka leo sijui mamake alimwita nani. Mtu hapa akija na kitu, huitwa kitu chake. Yule kijana alikuja na Radikini. Alifanya nini, asimame kila mlango akatae? Watoto wakimkimbilia njiani waita Radikini, Radikini, ageuka, acheka, basi jina limekwisha kumkaa. Miaka themanini ukoo mzima twabeba jina la chombo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuulizia jina la mtu.

Nilipomaliza kucheka nikamfikiria Mwana Esha na ile njia ya posta, sikucheka tena.

Nikasema kabla sijamfungulia mtu kinywa nione kwa macho yangu. Nikamchukua Amtulla tukaenda makaburi ya Wazungu kule Mbaraki. Mlinzi ni mtu wa kwetu, Kingi, wa Kaloleni. Alikuwa ametukunjia uso mpaka nilipomwamkia Kigiriama, akatuletea viti. Akatuachia tuzunguke. Siku ya kwanza hatukuona. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu Kingi mwenyewe alifyeka nyasi upande wa ukuta, Amtulla akapiga magoti na miwani yake akawa asoma kwa kidole. Lipo. Nicodemus Pratt. Umri miaka thelathini na mmoja. Februari elfu moja mia tisa na kumi na tano. Chini yake jina la kampuni. Basi, hakuna jingine.

Kijana wa watu. Mdogo kuliko mamako.

Kutoka hapo hadi kwa Mwana Esha ni mwendo wa kuchemsha chungu cha wali. Alikuwa ndani na mtoto wa miezi minne, na yule bwana yuafa na homa hospitali ya Wazungu, na hakuna aliyejua kwamba kuna mwanamke wa kuambiwa. Mwenye nyumba aliyemkodisha alikuta chumba kitupu. Watu wakasema amekwenda vitani kwao kama wenzake. Na yeye akaanza kwenda posta.

Nikakaa na jambo hilo juma zima. Amtulla alisema tumwache mzee na picha yake. Kutbuddin pia. Mimi nikasema, mtu aliyemkasirikia babake miaka themanini na sasa anamsamehe, anamsamehe mtu gani? Mhunzi wa watu asiyemjua? Nikapanda juu.

Nikamwambia, "Athumani, yule wa ukutani si babako. Hakuwa Radikini, alikuwa mtu wa kuuza tu. Na hakurudi kwao. Yuko Mbaraki."

Akaitazama ile fremu.

Akaniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu una miezi minne."

Akageukia ukuta. Chakula cha mchana hakula, cha jioni hakula. Nikajilaani, nakwambia kweli. Asubuhi nikamkuta ameshavaa kanzu ya Ijumaa, na ilikuwa Jumanne, ameketi kando ya kitanda ananingoja nimfunge kiatu kimoja. Nikataka kuiondoa ile picha. Akasema iache, yule mzee wa kwenye jiwe hana kosa.

Kutbuddin na Kingi, tuliyemwita kutoka Mbaraki, walimshusha ngazi kwa kiti, mmoja mbele mmoja nyuma, naye akiwaelekeza kama ndiye anayebeba. Tukaenda kwa pikapu ya duka. Pale kaburini tukamweka kiti vizuri. Amtulla akamsomea jiwe. Akamwambia asome tena. Akalisema jina mwenyewe, polepole, Ni-ko-de-mo, Pra-ti, mara tatu, kama mtu ajaribuye kofia.

Kisha akasema ashushwe chini. Nikamwambia nyasi zina maji. Akasema, "Mbodze, nishushe."

Basi tukamshusha. Na unajua alifanya nini huyu fundi? Akatanua mkono, akalipima kaburi kwa shibiri. Ajikokota na mguu mmoja, shibiri baada ya shibiri, kutoka kwenye jiwe la kichwani hadi miguuni, midomo yahesabu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akafika mwisho akasema, "Shibiri nane kasoro vidole viwili. Alikuwa mfupi kama mimi." Amtulla akaanza kueleza kwamba kaburi halikatwi kwa kimo cha mtu, nikamfinya.

Akakaa pale pale, kiganja juu ya saruji. Dini yetu na yake mbali, hilo alijua, hakusoma kitu. Alikaa tu. Sisi tukasogea kwa Kingi. Alipokuwa tayari alituita, na nilipomwinamia kumpangusa nyasi akaniambia sikioni, "Hakwenda popote, Mbodze. Miaka yote hiyo mama yuaenda posta, na yeye hakwenda popote."

Hayo ndiyo aliyosema. Sijaongeza, na Amtulla asiongeze.

Andika salamu zangu kwa yule Bi Beryl wa vitabu. Mwambie lile kasha la biskuti la babake limefanya kazi. Wewe maliza masomo yako, uje na cheti.

Babu yako hajambo, yuala. Jana alisema Ijumaa twende tena, lakini tusibebe kiti, tubebe mkeka. Kiti kinamweka mbali naye.

Nyanyako,
Mbodze